Picha Apige Mwanafunzi, Namba Iwe ya Duka

Mwanafunzi wa masoko amekuja dukani kwako na barua ya atachimenti. Ana miezi mitatu. Wewe una duka la leso na madera pale Biashara Street, na wateja wako wengi wamekujua kwa kuambiana. Yeye ana simu yenye kamera safi na anajua mambo ya Instagram na TikTok. Mnaelewana: yeye atapiga picha na kuposti, wewe utamfundisha biashara na kumtilia saini kitabu chake cha atachimenti.

Ni mpango mzuri. Vijana wa vyuo vya hapa Mombasa, kama Chuo Kikuu cha Kiufundi kule Tudor, wanahitaji mahali pa kufanyia kazi kwa vitendo, na duka dogo haliwezi kuajiri mtu wa matangazo. Kila mmoja anapata chake.

Lakini kuna swali ambalo wenye maduka wengi huliacha mpaka maji yamefika shingoni: mteja akiipenda ile leso mtandaoni, atapiga namba ya nani, na pesa atamtumia nani?

Mambo huharibika vipi?

Tuchukue mfano. Mama mwenye duka anatumia mulika mwizi, haiingii WhatsApp. Binti wa atachimenti anamwambia, "Mama, tutumie laini yangu kwa sasa, tutabadilisha baadaye." "Haya mwanangu," mama anajibu. Picha zinapigwa Ndia Kuu, mbele ya ile milango ya kuchongwa, nyingine pale Fort Jesus. Idi inakaribia. Maulizo yanaanza kuingia kutoka Nairobi, Malindi, mpaka Muscat. Wateja wanatuma pesa kwa namba wanayoiona, na namba wanayoiona ni ya binti.

Hapo matatizo ni matatu.

La kwanza ni deni. Kama laini ya binti ina deni la Fuliza, pesa ya mteja ikiingia tu inakatwa kulipia deni lake. Mama alitarajia 1,200, kimebaki kitu kingine, na hakuna aliyeiba.

La pili ni hesabu. Pesa ya leso, pesa aliyotumiwa na mamake na pesa ya matatu zote ziko mahali pamoja. Siku hesabu isipolingana, wa kwanza kushukiwa ni yeye, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kijana anaweza kuondoka na jina baya kwa kosa ambalo si lake.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Miezi mitatu ikiisha, binti anarudi chuoni na laini yake. Wateja wanaendelea kuandika kwa namba ile ile, na mama hajui. Soko lililojengwa kwa jina la duka limeondoka na mtu.

Leso inatufundisha

Biashara Street haikuanza leo kujitangaza. Tazama pindo la leso za Kaderdina Hajee Essak, duka linalojulikana hapa mjini tangu karne ya 19. Utaona pamechapishwa K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Michoro na misemo hubadilika, lakini alama ya pindoni inabaki ya mwenye duka. Mteja aliye Lamu au Unguja akiiona, anajua mali imetoka kwa nani.

Namba ya simu na namba ya Till ndizo pindo la duka lako mtandaoni. Picha apige mwanafunzi, lakini pindo liwe lako.

Fanya haya kabla ya posti ya kwanza

*Nunua laini ya duka.* Isajiliwe kwa kitambulisho chako wewe mwenye duka. Itie kwenye simu inayoingia intaneti, hata ya mkono wa pili, na simu hiyo ikae dukani. Fungua WhatsApp Business kwa laini hiyo. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha mpaka vifaa 4 vingine, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujibu wateja kwa simu au kompyuta yake bila kuwa na laini ya duka. Ila usiizime simu ya duka ukaisahau: isipotumika kwa siku 14, vifaa vilivyounganishwa hujitoa vyenyewe.

*Kurasa zifunguliwe kwa baruapepe na namba ya duka.* Ukurasa wa Facebook unakuwezesha kumpa mtu ruhusa ya kuposti bila kumpa nenosiri lako. Instagram ikikulazimu kumpa nenosiri, weka uthibitishaji wa hatua mbili, na msimbo uingie kwenye simu ya duka.

*Weka namba ya Till kwenye kila tangazo.* Mteja akilipa kwa Till huona jina la duka lako, si jina la mtu asiyemjua. Mteja wa mbali, ambaye hajawahi kukanyaga Mji wa Kale, hilo linampa moyo wa kulipa.

*Mwanafunzi aone malipo, asiyatoe.* Anahitaji kujua pesa imeingia ili afunge mzigo uwahi basi la usiku. Kwa hilo hahitaji PIN. Arifa za malipo zikiingia kwenye simu iliyo dukani, inamtosha. PIN ni yako peke yako. Sisi wenyewe hatutakupigia simu kuiuliza, na ule msimbo wa tarakimu 6 wa WhatsApp pia usimtajie mtu anayepiga simu.

*Skrinishoti si malipo.* Mwambie mwanafunzi siku ya kwanza: mteja akituma picha ya meseji, mwambie asante, kisha angalia kama pesa imeingia kwenye Till. Haijaonekana? Mzigo hautoki. Meseji ya uongo hutengenezwa kwa dakika moja, na wanaopenda kuituma huchagua saa ambayo duka limejaa watu.

*Omba ruhusa ya picha.* Mteja amejaribu dera na limempendeza. Muulize kabla ya kumposti. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliutoza mgahawa mmoja wa Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Ruhusa iandikwe, hata kwa meseji fupi.

Laiki hazilipi kodi ya duka

Mwanafunzi atakuja na furaha, "Mama, video imetazamwa na watu elfu nne!" Mpongeze. Kisha mkae na daftari.

Kila anayenunua aulizwe, "Umetuona wapi?" Jibu liandikwe pamoja na bei na saa. Jioni linganisheni daftari na taarifa ya Till. Tuseme wiki hii madera 14 ya shilingi 1,200 yameuzwa kwa watu walioona Instagram: hiyo ni shilingi 16,800. Sasa toa gharama ya bando na ya kutuma mizigo. Kinachobaki baada ya kutoa pia bei uliyonunulia ndicho kitakachokuambia kama uendelee na Instagram au uhamie kwingine. Mwanafunzi naye anapata cha kuandika kwenye ripoti yake: mauzo yenye ushahidi. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama umemuahidi nauli au chakula cha mchana, mtumie kwa simu, kiasi kijulikane. Asijilipe kutoka kwenye mauzo.

Siku ya kuagana

Msingoje siku ya mwisho jioni. Wiki moja kabla, kaeni pamoja mfanye haya:

- Toa vifaa vyake kwenye WhatsApp ya duka.
- Badilisha manenosiri, na umwondolee ruhusa kwenye kurasa.
- Hifadhi picha na video zote kwenye simu ya duka.
- Hakikisha hakuna tangazo lenye namba yake binafsi.
- Akufundishe wewe, au mtu wa nyumbani, kuposti na kujibu.

Baada ya hapo tia saini kitabu chake kwa moyo mweupe. Yeye ataondoka na ujuzi na jina safi. Na mteja wa Muscat akiandika mwezi ujao kuuliza leso mpya, simu italia dukani kwako.