Hatari Zitokanazo na Wafanyakazi Machoni pa Wenye Biashara Ndogo

Mwenye duka la vipuri vya magari katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akiulizwa anachokihofia kwa wafanyakazi wake, yamkini atajibu kwa neno moja: wizi. Kwake yeye, hatari ni tabia ya mtu, na kinga yake ni kuajiri jamaa. Ndiyo maana mpwa hukabidhiwa sanduku la pesa hata kama hesabu zinamshinda.

Mtazamo huu una mantiki yake. Sheria ya mwaka 2012 inayohusu biashara hizi huitambua biashara ndogo kuwa yenye wafanyakazi 10 hadi 50. Ile ndogo zaidi huwa na chini ya 10. Mahali kama hapo hapana afisa wa wafanyakazi. Kufahamiana ndiko kunakoshika nafasi ya barua ya ajira.

Hata hivyo, macho yaliyoelekezwa kwenye wizi huyapuuza mengine. Katika karakana za jua kali za Kamukunji, fundi mmoja huweza kuwa ndiye pekee ajuaye vipimo vya sanduku la bati na majina ya wateja walioagiza. Hakuna kilichoandikwa. Akihama hatua chache na kufungua karakana yake, hajaiba chochote, ilhali tajiri wake amepoteza nusu ya kazi.

Kuna pia hatari anayoizua mwajiri mwenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Mgogoro ukifika mahakamani na mwajiri asiweze kutoa maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa. Aidha, anayeachishwa kazi isivyo haki anaweza kutunukiwa fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kwa biashara ya watu watano, fidia hiyo hupita hasara ya wizi mwingi wa rejareja.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo humtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutojiweza kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Lakini ni lugha gani hiyo, ikiwa fomu ya mkataba ilinakiliwa kwa Kiingereza na mazungumzo ya kila siku huchanganya kusimamishwa, kuachishwa na kufutwa? Tajiri husema, "Nenda nyumbani upumzike kwanza." Mlinzi huondoka asijue kama amesimamishwa kwa muda au amefutwa kabisa, na pengine hata tajiri hajaamua. Chama kama hiki chetu kingeweza kuandaa mfano wa mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili sahili, unaobainisha maneno hayo matatu, kipindi cha majaribio na muda wa notisi.