Lapi Yako ya Linux Imenyamaza ama Inakwaruza? Kabla Upelekee Fundi Doh, Fuata Hizi Hatua

Saa nane usiku. Niko kwa keja, stima iko, Wi-Fi haisumbui, na kwa lapi nina faili ya sauti ya dakika 47. Kazi ni kusikiza na kuandika kila kitu neno kwa neno, alafu nitume kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo doh ndiyo ilikuwa imalize rent ya mwezi huo.

Naweka hedifoni, nabonyeza play. Kimya. Nachomoa, narudisha. Kimya. Naongeza sauti hadi mwisho. Bado. Nikienda kwa settings, mahali panafaa kuwa na jina la spika pameandikwa Dummy Output. Manze, jasho ilinitoka, na ilikuwa Julai.

Hiyo kazi ilienda. Mteja hakutaka risto za lapi yangu, akapea mtu mwingine, na mimi nikaanza kutembea kwa ploti kama mwizi ndio nisipatane na keateka.

Kilichoniuma ni venye siku mbili baadaye nilijua dawa ilikuwa amri moja ya terminali, sekunde kumi tu. Na kabla nijipongeze, nikafanya ufala wa pili. Nikaweka ikwalaiza, nikapandisha besi hadi juu kabisa nikitaka lapi ilie kama mathree ya Rongai. Ngoma ya tatu haikuisha. Spika ya kushoto ilianza kukoroma, na fundi wa tao akakula thao mbili zangu.

So kama wewe ni mmoja wa wale walibuy lapi ya ex-UK, Windows ikakuwa nzito, mtu akakuwekea Ubuntu ama Linux Mint, hii ni yako. Mimi nilihepa chuo mwaka wa pili, sina cheti chochote cha kompyuta. Karibu kila kitu hapa nimejifunza kwa kuharibu.

Kwanza, jua sauti inapitia wapi

Maji ikipotea kwa ploti, hakuna mtu huanza kwa kubomoa sinki. Unacheki kama ni mfereji yako peke yake, ama ni nyumba zote, ama ni tanki, ama ni mtaa mzima. Sauti kwa Linux ni hivyo hivyo. Inaanza kwa programu yenye inacheza ngoma, kama VLC ama Firefox. Hiyo inatuma sauti kwa PipeWire, yenye kazi yake ni kuchanganya sauti za programu zote na kuamua ziende wapi. PipeWire inapitisha kwa ALSA, yenye inakaa ndani ya keneli, yaani moyo wa Linux, na ndiyo inaongea na kadi ya sauti. Kadi ndiyo inasukuma spika.

ALSA ni mzae, ilianza 1998. Kwa miaka mingi kiti cha katikati kilikuwa cha PulseAudio, yenye ilitoka 2004. Sai kimechukuliwa na PipeWire, yenye ilianzishwa na Wim Taymans wa Red Hat. Fedora ilihamia 2021, Ubuntu ikafuata na toleo la 22.10 mwaka wa 2022, na Linux Mint ikaingia na toleo la 22 mwaka wa 2024.

Historia inakusaidia hivi. Ukitafuta msaada kwa intaneti utapata ushauri wa 2012 unakuambia ubadilishe faili za PulseAudio. Kama uko PipeWire, hiyo ni kama kubadilisha kufuli ya nyumba yenye ulishahama. Fungua terminali ujue uko wapi:

`pactl info | grep "Server Name"`

Ikijibu "PulseAudio (on PipeWire" na namba, uko PipeWire. Usishtuke kuona jina PulseAudio hapo. PipeWire inajifanya PulseAudio ndio programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Ikijibu "pulseaudio" pekee, bado uko kwa ile ya zamani.

Kama ni kimya kabisa

Weka programu inaitwa pavucontrol. Ni ndogo na ni ya bure:

`sudo apt install pavucontrol`

Ifungue, cheza ngoma yoyote, alafu uende kwa sehemu ya Playback. Kuna mstari unaruka ruka kulingana na ngoma. Huo mstari ndio shahidi wako. Kama hauruki ama programu yako haionekani kabisa, shida iko kwa programu yenyewe. Labda tabu ya Firefox imezimwa sauti, ama video yenyewe haina sauti. Kama mstari unaruka na husikii kitu, programu haina makosa. Sauti inatoka kwake vizuri na inapotelea mbele. Hapo ushapunguza nusu ya kazi.

Nenda kwa Output Devices. Wasee wengi hukwama hapa. Ukiunganisha lapi na TV kwa waya ya HDMI, Linux inaweza kuamua sauti iende kwa TV, na ukichomoa isirudi. Chagua spika za ndani ama hedifoni, bonyeza alama ya tiki ndio ikuwe ya kawaida. Kama kifaa chako hakionekani, pita kwa Configuration uone kama kadi imewekwa Off. Iwashe.

Bado? Shuka kwa ALSA:

`alsamixer`

Bonyeza F6 uchague kadi yako ya kweli. Utaona nguzo za Master, Headphone na Speaker. Chini ya nguzo, MM inamaanisha imefungwa mdomo, na 00 inamaanisha iko wazi. Fika kwa yenye ina MM, bonyeza herufi M, alafu upandishe kwa mshale wa juu. Pia cheki kama kuna kitu inaitwa Auto-Mute Mode. Hiyo huzima spika ukichomeka hedifoni. Tundu la hedifoni likiwa limechoka ama limejaa vumbi, lapi inaweza kuamini hedifoni ziko ndani milele, na spika hazitawahi kuongea. Iweke Disabled ujaribu.

Na kama unaona Dummy Output kama mimi, maana yake ni PipeWire haioni kadi yoyote. Amri yenye ingeniokoa ile usiku ni hii:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Inazima na kuwasha upya hiyo sehemu ya katikati bila kugusa kazi yako ingine. Usiweke sudo mbele yake. Hizi huduma ni za akaunti yako, si za mashine nzima. Alafu funga na ufungue ile programu ya ngoma.

Ikikataa, andika `aplay -l`. Hiyo inauliza ALSA kadi zenye inaona. Kama inaorodhesha kadi yako, shida ni ya PipeWire. Kama inasema hakuna kadi, shida ni draiva ama mashine yenyewe. Zima lapi kabisa, hesabu hadi thelathini, uwashe. Kama juzi ulifanya update, wakati wa kuwaka chagua keneli ya zamani kwa ile menyu ya Advanced options.

Kabla upelekee fundi doh, fanya hii mtihani. Washa lapi kutoka kwa flash ya Ubuntu bila kuinstall, alafu ucheze kitu. Sauti ikitoka hapo, spika na kadi ziko sawa, shida ni settings zako. Isipotoka hata hapo, sasa kuna haja ya kuona fundi. Hiyo flash pia ubebe siku unaenda kubuy lapi ya mkono wa pili. Muuzaji akikataa ujaribu, ushajua.

Kama sauti iko lakini ni mbaya

Kuna makosa matatu hurudi kila siku.

Ya kwanza ni Bluetooth. Ngoma iko fiti, unaingia kwa mkutano wa Zoom, ghafla kila mtu anasikika kama redio ya askari. Hedifoni zako haziharibiki. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili: A2DP, ya ngoma safi lakini haina maiki, na HFP, yenye ina maiki lakini sauti inashuka. Programu ikiitisha maiki ya hedifoni, unahamishwa. Dawa ni kutumia maiki ya lapi. Kwa pavucontrol, nenda Configuration urudishe hedifoni kwa A2DP.

Ya pili ni kupita asilimia 100. Linux inakuruhusu ufike hata 150, lakini hiyo ni kukuza kwa nguvu. Sauti ikigonga dari inakatwa kichwa, na hiyo ndiyo ile mkwaruzo unasikia. Rudi 100.

Ya tatu ni sauti kupasuka pasuka kama karanga kwa sufuria, hasa lapi ikiwa na kazi nyingi. Hapo prosesa haifikishi sauti kwa wakati. Ongeza ukubwa wa mzigo wenye PipeWire inabeba kila safari:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 2048`

Kwa sauti ya 48,000 Hz, hiyo ni kuchelewa kwa kama milisekunde 43. Kwa ngoma hautaskia tofauti. Kurudi kama kawaida, weka 0 badala ya 2048.

Sasa ikwalaiza, na hapa ndio nilichoma

Kama uko PipeWire, programu ya kutumia ni EasyEffects:

`sudo apt install easyeffects`

Kama bado uko PulseAudio, tafuta PulseEffects, ndiyo ilikuwa jina lake la zamani. Fungua, nenda Output, ongeza Equalizer. Utaona nguzo zimepangwa kutoka besi ya chini hadi sauti nyembamba za juu.

Sheria ni moja: kata kabla uongeze. Ukiongeza desibeli 3, spika inahitaji nguvu karibu mara mbili. Ukiongeza 10, ni mara kumi. Mimi niliweka 12 kwa besi, hiyo ni karibu mara kumi na sita. Sasa angalia spika ya lapi. Ni ndogo kama sarafu ya shilingi ishirini. Besi ya mathree inatoka kwa wufa kubwa zenye zinasukuma hewa mingi. Hiyo sarafu haiwezi kutoa 50 Hz hata uiombee. Itajitingisha hadi ipasuke, na besi bado hautaskia.

Kwa hivyo kwa spika za lapi, shusha kila kitu chini ya 100 Hz. Inaskika kama uwongo, lakini spika ikiachana na kazi yenye haiwezi, zile sauti zingine zinatoka safi. Alafu punguza kidogo kati ya 250 na 400 Hz, desibeli 2 ama 3. Hapo ndipo ile sauti ya kuongea ndani ya debe hukaa.

Kwa hedifoni uko na uhuru kiasi. Ukitaka besi, usipandishe 60 Hz kwa 6. Shusha zingine zote kwa 3, upandishe besi kwa 3, alafu uongeze volume ya kawaida. Masikio yanapata tofauti ile ile. Na kila wakati unapoongeza nguzo yoyote, shusha Output ya hiyo Equalizer kwa kiasi hicho hicho ndio sauti isigonge dari. Mwisho wa mstari weka Limiter kama askari wa mlango.

Kama kazi yako ni ya kusikiza watu wakiongea kama mimi, hii ndiyo naitumia: kata chini ya 100 Hz, punguza 300 Hz kwa 3, ongeza kati ya 2,000 na 4,000 Hz kwa 3. Hapo ndipo konsonanti hukaa, na konsonanti ndizo zinakuonyesha kama mtu amesema "pata" ama "bata". Kwa faili zenye kelele, hiyo tu inanipunguzia kurudia rudia.

Ukimaliza, hifadhi kama preset na uipe jina la kifaa. Ya spika isitumike kwa hedifoni. Kwa settings za EasyEffects, washa ile ya kuanza pamoja na lapi, la sivyo kesho utadhani mpangilio umepotea. Na ukitaka kujua kama kweli umeboresha, izime na kuiwasha ukisikiza, volume ikiwa sawa. Masikio hudanganywa haraka, kitu chenye iko juu zaidi huonekana tamu zaidi hata kama ni mbaya.

Sai nina tabia moja. Kabla nikubali kazi yoyote ya sauti, nacheza sekunde kumi za faili kwanza, alafu ndio najibu "niko ready". Na hizo amri zimeandikwa kwa karatasi nimebandika ukutani, juu ile usiku sauti itapotea, hautakuwa na akili ya kuanza kutafuta. Ziandike zako leo, kama lapi bado inaongea.