Mshale wa joto usikudanganye



Kazini unavaa kofia na viatu vya usalama. Lakini siku ya mapumziko unafungua mwenyewe moteri ya gari lako la zamani la mbio, na piesi unanunua popote. Usalama haukomi kwenye mlango wa kazi.

Gari la namna hiyo lina kompyuta ya moteri, na kapteri ndizo macho yake. Zinapima joto la maji, hewa inayoingia na moshi unaotoka. Jicho likiwa bovu, moteri inaungua ao inameza esanse bure. Kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi ni karibu kilometa 300. Moteri ikizimika ghafula mbele ya lori la madini, hatari ni ya watu, si ya gari tu.

Namna ya kuchagua:

1. Soma namba ya kapteri ya zamani. Usitazame umbo peke yake. Magari mengi yana kapteri mbili za joto la maji: moja ya mshale wa tablo, nyingine ya kompyuta. Zinafanana, lakini kazi ni mbalimbali.

2. Pima kabla ya kufunga. Kapteri nyingi za Bosch za joto zinaonyesha karibu ohm 2,500 kwa digrii 20, na karibu ohm 300 kwa digrii 80. Tia ncha yake katika maji ya moto: namba isipobadilika, irudishe kwa muuzaji.

3. Kapteri ya hewa inaharibiwa na vumbi la kiangazi. Badilisha kwanza chujio la hewa.

4. Kapteri ya oksijeni, ile ya moshi, inachoka kwa miaka. Usinunue ya okazio.

Na sasa jiangalie wewe mwenyewe. Maji yakiisha, kapteri inabaki hewani: mshale unaweza kushuka huku moteri inaungua. Ukiona mvuke, simama. Usifungue radiatere ya moto, kwani maji yaliyofungwa hupita digrii 100 bila kuchemka. Ukiondoa kifuniko, yanakurukia usoni. Ngoja moteri ipoe kabisa.

Tena, usiwashe moteri ndani ya garage iliyofungwa. Moshi wake una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu, nayo inaua. Watoto wakae mbali.

Piesi moja nzuri ni bora kuliko tatu za bei ya chini. Jamaa yako wanakungojea ukiwa mzima.