Besi ikiumiza vidole, rekebisha kimo cha nyuzi kabla ya kuiuza

WANAOJIFUNZA kupiga gitaa la besi huvunjika moyo mapema wakidhani kwamba vidole vyao ni dhaifu, ilhali mara nyingi kasoro huwa katika umbali uliopo baina ya nyuzi na shingo ya gitaa.

Kwa kijana wa Angurai, Kaunti ya Busia, aliye mbali na miji mikubwa yenye maduka ya ala za muziki, kasoro hiyo ndogo yaweza kumfanya auze kwa bei ya kutupa gitaa lisilo na ubovu wowote.

Waiteso wa eneo hilo wana kinubi chao cha asili, adeudeu. Kila uzi wa kinubi hicho hutoa sauti yake moja, na mpigaji hana haja ya kuubana. Gitaa la besi ni tofauti. Nyuzi nne hutoa sauti nyingi kwa sababu kidole hubana uzi juu ya freti, yaani vijichuma vilivyopachikwa shingoni kwa kukingama.

Leo Fender wa Marekani alipotoa besi yake ya umeme mwaka wa 1951, aliiita Precision kwa kuwa freti zilimwezesha mpigaji kupata sauti sahihi. Hata hivyo, usahihi huo hupotea nyuzi zikiwa juu mno. Uzi unaosukumwa mbali hunyooshwa na sauti yake hupanda, huku vidole vikichoka. Ukiwa chini mno, hugonga freti na kukwaruza. Katika benga, ambapo besi hupigwa kwa kasi, makosa hayo husikika upesi.

Isitoshe, mbao hufyonza unyevu. Mvua za masika za kati ya Machi na Mei zaweza kuipinda shingo kidogo, na gitaa lililokuwa laini Januari likawa gumu Aprili.

Marekebisho hufuata utaratibu. Kwanza, nyuzi zikazwe hadi sauti zake za kawaida za E, A, D na G, kwa sababu mvuto wake ndio huipinda shingo.

Pili, shingo ikaguliwe. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapoungana na kiwiliwili, kisha tazama katikati. Pengo baina ya uzi na freti linafaa kuwa takriban milimita 0.3, sawa na unene wa karatasi tatu za kawaida. Pengo likizidi, ufito wa chuma ulio ndani ya shingo hukazwa kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa, likipungua, hulegezwa. Usizungushe zaidi ya robo mzunguko kwa wakati mmoja. Ukikataa kuzunguka, usiulazimishe, kwani ukikatika huenda shingo nzima ikahitaji kubadilishwa.

Tatu, kimo kipimwe kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Wapigaji wengi huridhika na milimita 2.5 kwa uzi mnene na milimita 2 kwa ule mwembamba. Asiye na rula aweza kutumia kadi tatu za benki zilizopangwa pamoja, ambazo unene wake ni kama milimita 2.3.

Kila uzi hulala juu ya kipande cha chuma chenye skrubu mbili ndogo, ambazo huzungushwa kwa kiasi sawa kwa ufunguo wa pembe sita. Legeza uzi kidogo kabla ya kuuinua, kisha uukaze upya na kujaribu kila freti. Mkwaruzo ukisikika mahali pamoja tu, huenda freti imeinuka, na hiyo ni kazi ya fundi.

Mwisho, linganisha sauti ya uzi ulioachwa wazi na ile ya freti ya 12 kwa programu ya simu. Herufi iwe ileile. Sauti ya freti hiyo ikipanda mno, kipande kile kisogezwe mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogezwe karibu.

Kazi hiyo huhitaji subira kuliko fedha. Anayetaka kuuza gitaa lake kwa sababu ya maumivu ya vidole ni heri alipime kwanza.