Taa Iliyofifia na Kanuni ya Ohm

Taa moja ya gari, hata la kifahari, ikififia usiku kati ya Sumbawanga na Namanyere, wengi huilaumu balbu. Lakini taa inayowaka, hata hafifu, kwa kawaida huonyesha kwamba fyuzi yake haijakatika. Yafaa kuchunguza njia ya umeme.

Balbu ya halojeni ya wati 55 na volti 12 ina ukinzani wa omu 2.6 hivi iwakapo. Kutu yenye omu 0.5 tu, pale waya ulipofungwa kwenye bodi, hula karibu volti 2. Mwanga hupungua karibu nusu.

Taa ikiwa inawaka, fundi hupima kwa voltimita kati ya upande hasi wa balbu na ncha hasi ya betri. Ikionyesha volti 2 badala ya karibu sifuri, kisuguliwe kiungo, si kubadili balbu.