Kushinda Wasiwasi kwa Imani: Kila Siku na Mzigo Wake



Wapendwa waamini, hapa Kiseke na katika mitaa jirani ya Manispaa ya Ilemela, wasiwasi una sura tunazozifahamu. Mzazi anawaza ada ya muhula ujao. Mpangaji anahesabu siku zilizobaki kabla ya kudaiwa kodi. Mama aliyechukua mkopo wa "kausha damu" ili kuokoa genge lake anashtuka kila simu inapoita. Hofu hizi si za kubuni, wala hatuwezi kumwambia mwenye deni asijali, kisha tukaenda zetu. Basi, Bwana wetu anamaanisha nini anapotukataza kuisumbukia kesho (Mt 6:25-34)?

Kwanza, hatukatazi kusikia hofu. Yeye mwenyewe katika Gethsemane alifadhaika na kuhuzunika sana (Mk 14:33-34), naye hakuwa na dhambi. Pili, hatuamuru kukaa bure. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inapoeleza ombi la mkate wetu wa kila siku (Na. 2830), inafundisha kwamba Yesu hatualiki kwenye uvivu, bali anataka kutuondolea mahangaiko yanayotusumbua.

Mpaka kati ya bidii na wasiwasi uko wapi? Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae (II-II, swali la 55), anajibu kwamba kila wakati una shughuli yake. Majira ya kuvuna ngano yana kazi yake, na majira ya kuchuma zabibu yana kazi yake. Anayevuna ngano huku akiisumbukia zabibu ameubeba mzigo kabla ya wakati wake. Anaongeza kuwa mahangaiko huwa mabaya pia mtu anapoyafanya mali kuwa lengo la maisha yake, au anapoogopa kupita kiasi kwamba, hata akitimiza wajibu wake, atakosa mahitaji ya lazima.

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunalielewa fundisho hili bila shida. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa maana taa ndizo zinazowavuta. Mbalamwezi inapong'aa, taa hupungukiwa nguvu na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Siku hizo mvuvi hushona nyavu, hupumzika, na kungoja giza lirudi. Kushona nyavu ni kuijali kesho. Kukesha ufukweni akiulaumu mwezi hakumletei hata dagaa mmoja, na nyavu hubaki zimetoboka.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wafilipi kutoka kifungoni, anatuonyesha njia: mahitaji yetu yajulikane kwa Mungu kwa sala na maombi, pamoja na shukrani, na amani ya Mungu itailinda mioyo yetu (Flp 4:6-7). Kwa hiyo, tunapoanza sala ya jioni, tuutaje mzigo wetu waziwazi. Kisha tujiulize: ni sehemu gani ya mzigo huu iliyo ya leo? Kwa mwenye deni, ya leo huenda ikawa kuketi na mwenzi wake na kumweleza kiasi chote bila kuficha, kwenda kuzungumza na mdai, na kukataa kukopa tena ili kulipa mkopo wa kwanza. Akishayatenda hayo, yanayobaki ayakabidhi kwa Maongozi ya Mungu.

Wala mzigo huo haukuwekwa uchukuliwe na mtu mmoja. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zipo ili tuchukuliane mizigo (Gal 6:2). Jumuiya inayokusanya michango ya msiba, lakini haijui kwamba jirani analala bila kula, imetimiza nusu tu ya wito wake.

Tujihadhari na wanaouza utulivu. Wasiwasi umewapeleka baadhi yetu kwa waganga wa ramli, na wengine kwa wanaodai fedha kwa maji au mafuta ya miujiza. Amri ya kwanza inatukataza kutafuta hakika ya kesho nje ya Mungu. Aidha, hofu inapomnyima mtu usingizi na kumshinda kufanya kazi kwa muda mrefu, aende hospitali. Kanisa lenyewe ndilo mmiliki wa Hospitali ya Bugando. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Katika kila Misa Takatifu, baada ya Baba Yetu, padre anamwomba Mungu atuopoe na maovu, atujalie amani na kutukinge na mahangaiko. Jumapili ijayo tusiyaache maneno hayo yapite. Hapo kila mmoja wetu aliweke deni lake, mgonjwa wake, au mwanawe anayengoja matokeo ya mtihani, ndipo aende kumpokea Bwana. Jumatatu itakuwa na kazi yake, na neema ya kuifanya.