Rada ya Mbeya na Amana ya Mafundi Wake

Wakulima wa Litembo, ambao tangu jadi wameuzuia udongo wa milima ya Umatengo usichukuliwe na mvua kwa kuchimba mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro, na wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli, watokao usiku kwa taa kutafuta usipa katika Ziwa Nyasa, wana haja moja: kupata habari ya dhoruba kabla dhoruba yenyewe haijawasili. Miongoni mwa vyombo vya kuitafuta habari hiyo ni rada za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na iliyo karibu nasi kuliko zote ni ile ya Mbeya.

Rada hutuma mapigo ya redio, kisha husikiliza mwangwi unaorudishwa na matone ya mvua. Na kwa kuwa mawimbi hayo huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, mwangwi wa wingu lililo umbali wa kilomita 150 hurejea katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Walakini mawimbi hufuata njia iliyokaribia kunyooka, na dunia ni mviringo. Hivyo yafikapo Litembo, masafa ya kilomita zipatazo 270 kutoka Mbeya, yamekwisha kupanda juu mno, yakagusa vilele vya mawingu marefu ya radi na kuiacha mvua ya chini. Kwa sababu hiyo mataifa mengi hujenga rada visiwani na juu ya majabali, pasipo kizuizi, ijapokuwa huko ni mbali na duka, karakana na tabibu.

Upweke huo ndio mtihani wa kazi. Antena huzunguka usiku na mchana ndani ya kuba. Beringi zake zataka grisi, jenereta yataka mafuta, na vizuia radi vyataka kukaguliwa kabla ya mvua za Novemba. Rada iliyozimika hujulikana mara moja. Ya kuhofiwa zaidi ni ile izungukayo vema ilhali vipimo vyake vimepotoka, maana hitilafu ya desibeli 3 tu huionyesha nguvu ya mwangwi maradufu au nusu, mtabiri akahadaika.

Mmatengo ajua kwamba ngoro isiyofanywa upya hubomoka, hata ichimbwe kwa ustadi gani. Bajeti zetu nazo zifuate akili hiyo: fedha za kununua rada ziandamane na za vipuri na mafunzo kwa miaka yote itakayofanya kazi, na fundi akeshaye kituoni apewe ujira na taadhima, kwani roho za wavuvi zi katika dhamana yake.